Mwenyekiti anataka app ing'ae kama kioo: nichague mtindo gani?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nipo Morogoro, najifunza mwenyewe dizaini ya violesura, yaani skrini za app, kwa programu ya kuchorea ya Figma. Nimepata kazi yangu ya kwanza ya kulipwa: app ya kikundi cha kuweka na kukopa. Wanachama wengi ni mama lishe na wauza nafaka sokoni. Mwenyekiti ana iPhone mpya na anataka app "ing'ae kama kioo" kama simu yake. Mwenzangu anayeijenga kwa Flutter, zana ya Google ya kujengea app, anasema tutumie Material, mtindo wa Google, tumalize. Mimi nimevutiwa na ile mitindo ya mistari minene na rangi kali. Nichague upi? Na je, ni lazima kufuata mtindo mmoja?

JIBU: Marahaba, na hongera kwa kazi. Nianze na jibu lenyewe usije ukalitafuta chini huko: jengeni juu ya Material kama mwenzako anavyosema, mwenyekiti mpe kioo chake sehemu moja au mbili ambazo hazibebi hesabu za fedha, na kwenye ile mistari minene azima kitu kimoja tu, nitakuonyesha kipi. Yanayofuata ni sababu, na utazihitaji siku mwenyekiti atakapouliza kioo chake kimekwenda wapi.

Dizaina chipukizi wengi huchagua mtindo kwa kuutazama. Wanafungua picha mtandaoni, wanaupenda, wanauchukua. Lakini kila mtindo mkubwa wa skrini za simu ulizaliwa kujibu shida fulani, kwenye kifaa fulani, wakati fulani. Ukiijua ile shida, utajua kama na wewe unayo.

Chukua iPhone ya kwanza, 2007. Watu walizoea vitufe vya kubonyeza, na kipande cha kioo kisichobonyea kilihitaji kujieleza. Ndiyo maana Apple walichora daftari la karatasi ya njano, baadaye rafu za mbao za kupangia vitabu, na Game Center, app yao ya michezo, ikatandikwa kitambaa cha kijani kama meza ya kamari. Kuigiza vitu halisi namna ile kulikuwa ni kufundisha. Kufikia 2012 somo lilikuwa limeeleweka na mapambo yakaanza kuwa mzigo. Oktoba mwaka huo ikatangazwa kwamba Scott Forstall, aliyesimamia programu za iPhone, anaondoka. Jony Ive, mkuu wa dizaini wa Apple, akakabidhiwa muonekano, na Septemba 2013 ikatoka iOS 7. Mbao, ngozi, kitambaa, vyote vikafutwa. Zikabaki rangi, herufi na nafasi tupu, yaani dizaini bapa. Microsoft walikuwa wameshaipita njia hiyo tangu 2010 na Windows Phone 7, herufi kubwa na miraba ya rangi moja, ila wanunuzi hawakuwafuata.

Kilichofuata baada ya iOS 7 ndicho ninachotaka ukishike. Kwenye matoleo ya majaribio herufi zilikuwa nyembamba mno, watu wakalalamika, zikanenepeshwa kabla toleo kamili halijatoka. Vitufe navyo vilivuliwa mipaka, vikabaki maneno ya rangi yanayoelea, mtu asijue lipi la kugusa na lipi la kusoma tu. Machi 2014, kwenye iOS 7.1, Apple wakaongeza swichi ndani ya mipangilio ya kuvirudishia vitufe maumbo yake. Ilikuwa imepita kama nusu mwaka tu tangu mtindo uzinduliwe.

Google walikuja Juni 2014 na Material Design, kazi iliyoongozwa na Matías Duarte. Waliuchukua ubapa wakaurudishia kitu kimoja: kivuli. Skrini ikachukuliwa kuwa karatasi zilizopangwa moja juu ya nyingine chini ya taa. Iliyo juu inaangusha kivuli kikubwa zaidi, na jicho linajua kipi kinaelea na kipi kimelala. Nao waliteleza. Sehemu ya kujaza jina au namba ya simu waliifanya mstari mmoja tu kwa chini. Wakaja kupima, wakakuta watu wanaitambua vizuri zaidi sehemu iliyozungushiwa kisanduku au kujazwa rangi, na tangu 2018 Material ikahamia huko. Ukimwona mtu kwenye Figma anarudisha ule mstari mmoja kwa kuwa "unapendeza", mwambie walioubuni wenyewe wameuacha.

Mwaka 2021, pamoja na Android 12, ikaja Material You, inayochota rangi za mfumo kutoka kwenye picha ya ukuta wa simu. Kwa app yako ningeizima. Mwanachama akiweka picha ya binti yake mwenye gauni la waridi, hutaki kitufe cha kulipia mkopo nacho kigeuke cha waridi, halafu kwa jirani yake kiwe cha bluu, maana mafunzo ya kikundi yatafanyika kwa maneno kama "gusa pale penye kijani." Mei 2025 wakatoa Material 3 Expressive: maumbo makubwa, rangi zenye nguvu, mwendo wenye uchangamfu. Google wanasema walifanya tafiti 46 zilizohusisha watu zaidi ya 18,000, na mfano wao mmoja ni kitufe cha kutuma barua pepe kilichokuzwa na kushushwa karibu na kibodi. Watu wakakiona hadi mara nne haraka zaidi. Hilo liibe bila aibu. Kitendo kikuu cha kila skrini kiwe kikubwa, na kikae chini ambako dole gumba linafika.

Sasa kioo. Mwenyekiti anadhani ni kipya, lakini madirisha ya Windows Vista yalikuwa ya kioo tangu 2007, na iOS 7 yenyewe ilikuwa na vidirisha vyenye ukungu. Mwaka 2020 mbunifu Michal Malewicz akaupa mtindo huo jina la glasimofizimu, na macOS Big Sur ikausambaza kwenye kompyuta za Apple. Halafu tarehe 9 Juni 2025 Apple wakatangaza Liquid Glass, kioo kinachopinda mwanga kama tone la maji, kikafika kwenye simu Septemba na iOS 26. Hicho ndicho mwenyekiti amekiona.

Kioo kina kazi yake halali. Kinamwambia mtumiaji kwamba alichokuwa anakitazama bado kipo hapo nyuma, hajakiacha. Menyu inayoelea juu ya picha, vidhibiti vya video, upau wa chini wakati orodha inapita: hapo kinafaa. Mwongozo wa Apple kwa wabunifu unasema hivyo hivyo, kwamba Liquid Glass ni ya tabaka la vitufe na pau zinazoelea, isiwekwe kwenye maudhui yenyewe. Kwa hiyo hata ukiwafuata wenye mtindo neno kwa neno, salio la akiba halistahili kuandikwa juu ya kioo.

Tatizo lake ni kwamba kioo hakina rangi yake mwenyewe. Chukua maandishi meupe juu ya kadi ya kioo. Kwenye Figma umeweka mandharinyuma ya zambarau iliyokolea, yanasomeka safi, unapiga picha unamtumia mteja. Kwenye simu mwanachama anasogeza orodha ya marejesho, sehemu nyeupe ya orodha inapita chini ya kadi, na namba imetoweka. Rangi thabiti unaipima mara moja ukamaliza. Kioo itabidi ukipime juu ya kila kitu kinachoweza kupita chini yake, na hutaweza. Apple wenyewe walihangaika: kwenye majaribio ya 2025 walikitia ukungu zaidi, wakaupunguza tena, na Novemba kwenye iOS 26.1 wakaongeza chaguo la kukifanya kioo kiwe kizito zaidi. Unaona? Miaka kumi na miwili baada ya iOS 7, imekuja swichi nyingine ya kurudi nyuma. Kampuni yenye pesa zote zile inahitaji mlango wa dharura kila inapobadili mtindo. Wewe wa Morogoro mwenye kazi ya kwanza utautoa wapi?

Halafu kuna gharama ya mashine. Ili kutia ukungu, simu inabidi isome pikseli (vinukta vya skrini) zilizo chini ya kadi, izichanganye kila moja na jirani zake, kisha ichore upya, na irudie kazi hiyo kwenye kila fremu, yaani kila picha skrini inayochora, wakati orodha inasogea. Kwa fremu 60 kwa sekunde, kila fremu ina milisekunde 16 hivi. Simu mpya ya bei kubwa haihisi chochote. iOS 26 yenyewe haiingii kwenye iPhone iliyotangulia iPhone 11. Wanachama wako, kama soko lako ni kama masoko mengine, wameshika Tecno, Itel na Infinix, na nyingi ni zile za bei ya chini. Orodha itakuwa inasogea kwa kukwamakwama, na mtu atasema app ni mbovu bila kujua kwamba kinachomkwamisha ni pambo. Kwa upande wa Android, zana rasmi za sasa za ukungu zilikuja na Android 12, na ukitumia ile ya Jetpack Compose, zana ya Google ya kujengea skrini za Android, kwenye simu ya zamani zaidi, amri inapuuzwa kimyakimya. Kinachobaki ni uangavu bila ukungu, yaani maandishi juu ya maandishi. Flutter ina njia yake inayofanya kazi hata kwenye simu za zamani, ila ni ghali, na kwa kuwa Flutter huchora kila pikseli yenyewe, kioo halisi cha Apple hakiji bure. Mwenzako atalazimika kukiigiza. Muulize ataongeza siku ngapi, utaona uso wake.

Nyumofizimu sikutajiwa, lakini utakutana nayo tu. Ilianza kuvuma mwishoni mwa 2019 kutokana na picha za Alexander Plyuto kwenye Dribbble, mtandao ambako wabunifu huonyesha kazi zao: vitufe kama vimefinyangwa kutoka kwenye ukuta uleule, kivuli upande mmoja na mwanga upande wa pili. Ukipima ile rangi yake maarufu ya kijivu, #E0E5EC, dhidi ya nyeupe, unapata utofauti wa mwangaza wa 1.27:1 (1:1 ni rangi zisizotofautiana kabisa). WCAG, kiwango cha kimataifa cha kufanya kurasa na app zitumike hata na wenye macho dhaifu, kinataka walau 3:1 kwa mipaka ya vitufe. Inapendeza kwenye picha, iache hukohuko.

Ile unayoipenda wewe, nyubrutalizimu, yenye mipaka myeusi minene, vivuli vikavu na njano inayopiga kelele, ilipata umaarufu pale Gumroad, tovuti ya kuuzia kazi za wabunifu, walipobadili sura yao 2021. Nitakushangaza: kwa jua la sokoni, ina nguvu kuliko kioo. Mpaka mweusi unaonekana popote. Shida ni kwamba kila kitu kwenye skrini kinataka kusikika, na pia inabeba utani fulani. Mama aliyeweka akiba ya ada ya mtoto hataki kuona fedha zake zimekaa kwenye kitu kinachofanana na tangazo la tamasha. Azima mpaka. Mstari mweusi wa dp 2 (dp ni kipimo cha Android kisichotegemea wingi wa pikseli za simu) kuzunguka kitufe kikuu pekee, vingine viwe vya kawaida.

Nikusogeze sasa kwenye kitu kimoja kwa karibu, kwa sababu naamini utakifanya. Vikundi vya akiba vinapenda kijani. Utafungua paleti ya Material, utachukua kijani cha #4CAF50, utaandika "Lipa rejesho" kwa herufi nyeupe. Kinavutia. Pima: 2.78:1. WCAG inataka 4.5:1 kwa maandishi ya kawaida na 3:1 kwa makubwa, kwa hiyo umeanguka kote kuwili. Shuka kwenye paleti hiyohiyo hadi #2E7D32, andika nyeupe ileile, unapata 5.13:1. Ukiziweka mbili hizo pembeni kwa pembeni kwenye laptop chumbani, utaniambia ile ya kwanza ndiyo changamfu, hii ya pili imezubaa. Zitoe nje saa sita mchana kwenye simu ya bei ya chini, mwangaza ukiwa nusu kwa sababu mwenye simu anabania chaji. Maneno ya kwanza yanakuwa kivuli, ya pili yanasomeka. Rangi ya chungwa ni mtego mbaya zaidi: nyeupe juu ya #FF9800 ni 2.16:1. Kama kikundi kinaitaka, andika kwa nyeusi juu yake.

Na usitegemee kijani na nyekundu peke yake kutofautisha aliyelipa na anayedaiwa. Wapo wasioziona tofauti, na juani hata wanaoziona huzikosa. Andika "Amelipa", andika "Anadaiwa", kisha rangi ije kusaidia.

Tarakimu nazo zina mtindo. Kwenye daftari la mweka hazina, namba zimepangwa kulia, mamia chini ya mamia, na kosa la sifuri moja linaonekana hapohapo. Fanya vivyo hivyo: panga kulia, weka koma za maelfu, tumia tarakimu zenye upana sawa. Roboto, fonti ya kawaida ya Android, inazo tayari. Ukichagua fonti kama Inter itabidi mwenzako aziwashe, la sivyo 1 inakuwa nyembamba, safu inapinda, na 111,000 inakaribia kulingana kwa urefu na 98,000. Hapa ndipo pesa ya dizaini yako ilipo, kuliko uangavu wowote.

Mandhari meusi? Yalienea 2019 na Android 10 na iOS 13, na watu huyataka wakiamini yanatunza chaji. Yanatunza kwenye skrini za OLED, ambazo pikseli nyeusi huzimika kabisa. Hata huko, watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue walionyesha mwaka 2021 kwamba kwa mwangaza wa 30 hadi 50% unaokoa 3 hadi 9% tu ya umeme, na faida kubwa, 39 hadi 47%, inakuja mwangaza ukiwa umepandishwa hadi mwisho. Simu nyingi za bei nafuu ni LCD, taa ya nyuma inawaka daima, weusi hauokoi kitu cha maana. Na juani skrini nyeusi inageuka kioo cha kujitazama uso. Toleo la kwanza liwe jeupe, jeusi lije baadaye kama wataliomba.

Turudi kwa mwenyekiti. Usimbishie, na usimwonyeshe namba za WCAG. Ni mtu mzima, amekuajiri, na tamaa yake ya app yenye hadhi ni halali. Tengeneza skrini moja ya salio kwa namna mbili, ya kioo na ya rangi thabiti. Ziweke zote kwenye simu mbili, iPhone yake na simu ya bei ya chini ya mwanachama yeyote. Mfuate sokoni mchana, mpe ile simu ndogo kwanza, mwombe akusomee salio. Usiseme neno. Kisha mwambie kioo hujakitupa: skrini ya kukaribisha, yenye picha ya wanachama na jina la kikundi juu yake, iwe na kidirisha cha kioo. Picha haisogei, umeichagua mwenyewe, unajua kilicho chini ya kila herufi. Sehemu ya pili ni upau wa chini kwa wenye iPhone, kama mwenzako ana muda. Kwa Android upau huohuo uwe wa rangi thabiti. Mwenyekiti atafungua simu yake mbele ya wenzake, kitang'aa, naye ataridhika.

Kuhusu kufuata mtindo mmoja: hapana, si lazima, na app nyingi unazozitumia ni mchanganyiko. Kisichochanganywa ni lugha ya kugusa. Ukiamua kinachoguswa kina rangi ya kijani iliyokolea na pembe za mviringo, basi kila kinachoguswa kiwe hivyo, na kisichoguswa kisivae hivyo hata kwa bahati mbaya. Eneo la kugusa lisipungue dp 48 kwa 48, ndicho kipimo cha Material. Apple wanataka pointi 44. Mama lishe anagusa skrini kwa kidole kilichotoka kwenye unga, wala hatakigusa kitufe katikati kama wewe na kipanya chako.

Kabla ya kumkabidhi mwenzako mafaili, ingia kwenye simu, mipangilio, ukubwa wa fonti, vuta hadi mwisho, kisha pitia kila skrini. Tangu Android 14 fonti inaweza kukuzwa hadi 200%, na wenye umri wa miaka hamsini na kuendelea wanaikuza kweli. Angalia kitufe chako cha "Thibitisha marejesho" kama kimekatika katikati ya neno. Kikikatika, usipunguze herufi; ruhusu maneno yashuke mstari wa pili na kitufe kirefuke.